Kutoka meza ya mchezo hadi meza ya maamuzi

*Susan Masham alipooza miguu akiwa bado binti, akashinda medali za mpira wa meza na kuogelea, kisha akakaa bungeni miaka 53. Maisha yake yanaibua swali ambalo vyama vingi vya michezo bado vinalikwepa: nani aongoze michezo ya watu wenye ulemavu?*

Septemba 1960, mjini Roma. Olimpiki imefungwa wiki moja tu iliyopita na mji umeanza kupumua. Wanaingia wageni wengine: wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23, wote wakiwa kwenye viti mwendo.

Malazi waliyopangiwa yamejengwa juu ya nguzo. Kuingia ni kwa ngazi.

Ikabidi waitwe wanajeshi wa Italia. Asubuhi wanamshusha mtu na kiti chake, jioni wanampandisha. Mlenga mishale aliyetoka kushinda dhahabu mchana anapandishwa chumbani mikononi mwa askari, kama mtoto aliyesinzia harusini.

Miongoni mwa waliobebwa alikuwamo Mwingereza wa miaka 25, Lady Susan Masham, aliyekuja kuogelea na kucheza mpira wa meza. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Waitalia walikuwa wakarimu, na mashindano yale ndiyo leo yanahesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Ila aliyechora yale majengo hakuwa na mtu wa kiti mwendo akilini, na hilo halikurekebishika kwa ukarimu wala kwa misuli ya askari.

Masham alirudi kwao na medali, na baadaye akawa mmoja wa watu waliokaa kwenye vikao vinavyoamua ngazi zikae wapi.

Farasi, hospitali na kibao

Alizaliwa Aprili 14, 1935, katika familia ya kikabaila ya Uskoti, na farasi walikuwa sehemu ya maisha yake. Mwaka 1958 alianguka akiwa kwenye mbio za farasi, uti wa mgongo ukaumia. Hakutembea tena.

Alipelekwa Stoke Mandeville, hospitali iliyo karibu na mji wa Aylesbury, ambako Ludwig Guttmann alikuwa akiendesha kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo tangu Februari 1944. Guttmann alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1939. Kabla yake, aliyevunjika mgongo alihesabiwa kuwa mtu wa kusubiri siku yake. Vidonda vya kulala na maambukizi ya njia ya mkojo viliwamaliza wengi mapema.

Guttmann aliagiza wagonjwa wageuzwe kitandani kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Kisha akawaamuru wacheze. Hakuwabembeleza, michezo ilikuwa kwenye ratiba ya matibabu pamoja na dawa na mazoezi ya viungo.

Julai 29, 1948, siku ileile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, alipanga wagonjwa 16, wanaume 14 na wanawake wawili, washindane kulenga mishale kwenye viwanja vya hospitali. Mwaka 1952 wakaja Waholanzi, mashindano yakawa ya kimataifa. Miaka minane baadaye yakahamia Roma.

Mpira wa meza ulifaa wodini kuliko michezo mingi. Chumba kimoja kinatosha, vifaa ni vichache, na mgonjwa aliyepooza kiunoni hujifunza upya jambo ambalo wenye miguu hatulifikirii kabisa: kuukunjua mwili kufuata kitu bila kudondoka. Mkono mmoja unapiga, mwingine unashika kiti. Tangu Roma hadi Paris 2024, mchezo huu haujakosekana kwenye Paralimpiki hata mara moja.

Masham alishindana Roma, akaenda tena Tokyo mwaka 1964. Kote alipata medali, kwenye bwawa na kwenye meza, dhahabu zikiwemo.

Sentimita 40

Tuiache historia kwanza tuiangalie meza yenyewe.

Meza ya mashindano ina urefu wa mita 2.74, upana wa mita 1.525 na kimo cha sentimita 76. Vipimo hivyo ni vilevile kwa wote, mwenye ulemavu na asiye nao. Kinachotofautiana hakionekani kwenye picha za gazeti: miguu ya meza. Kwa wachezaji wa viti mwendo, kanuni zinataka miguu ianze angalau sentimita 40 kutoka ukingo wa mwisho wa meza.

Kisa chake kinaeleweka ukikaa kwenye kiti. Ili mchezaji aufikie mpira mfupi uliodondokea karibu na wavu, magoti na mbele ya kiti lazima viingie chini ya meza. Mguu wa meza ukiwa pembeni kabisa, kiti kinagonga chuma na mpira unakwenda zake. Mchezaji anapoteza pointi kwa sababu ya fundi seremala.

Upo pia utaratibu wa kuanzisha mpira. Katika mchezo wa kawaida, anayeanzisha anaweza kuuchonga mpira utoke pembeni ya meza, mpinzani aruke kuufuata. Mbele ya mpokeaji aliye kwenye kiti mwendo, katika mchezo wa mmoja kwa mmoja, mpira ukitua upande wake kisha ukatokea pembeni kabla hajaugusa, unarudiwa. Unarudiwa vilevile ukiganda juu ya meza, au ukigeuka kurudi kuelekea wavuni.

Wakicheza wawili wawili, kanuni ya kupiga kwa zamu kati ya mtu na mwenzake inalegezwa baada ya mpira kuanzishwa na kurudishwa mara ya kwanza. Yeyote kati yao anaweza kupiga, mradi kiti cha mmoja kisivuke mstari wa katikati kuingia eneo la mwenzake. Bila hivyo viti vingegongana kila baada ya mapigo mawili.

Lakini kanuni hazikuja kumhurumia mtu. Mchezaji akijiinua hadi paja likaachana na kiti wakati anapiga, pointi inamponyoka. Anayeweza kujiinua angewanyanyasa wasioweza.

> Mchezaji anapoteza pointi kwa sababu ya fundi seremala.

Makundi yako 11. Namba 1 hadi 5 ni ya wanaocheza wakiwa wamekaa, 6 hadi 10 wanaosimama, na 11 ni la wenye ulemavu wa akili. Kadiri namba inavyopanda ndani ya makundi ya viungo, ndivyo ulemavu unavyopungua. Mchezaji wa kundi la 1 mara nyingi hana nguvu ya kiwiliwili wala ya kukamata vizuri, hivyo kibao hufungwa mkononi kwa bandeji.

Nenda kundi la 6 umkute Ibrahim Hamadtou wa Misri. Alipoteza mikono yote miwili kwenye ajali ya treni akiwa na miaka 10. Anashika kibao kwa meno na kuurusha mpira juu kwa vidole vya mguu. Kanuni inasema mpira uanze ukiwa umetulia kwenye kiganja kilicho wazi. Hamadtou hana kiganja. Kanuni hiyohiyo ikampa mwamuzi ruhusa ya kulegeza sharti pale ulemavu unapomzuia mchezaji kulitimiza, naye akaanzisha mipira yake Rio 2016 akiwa na miaka 43, mbele ya dunia. Hakushinda mechi zake za Rio. Nimezitazama picha zake nyingi, na ninachokiona mara zote ni shingo: kazi ambayo bega na kiwiko cha mwingine hugawana, shingo yake inaifanya peke yake.

Kanuni za namna hii hazitungwi na mtu anayetazama mchezo kupitia dirisha la ofisi.

Benchi linalotembea

Mwaka 1970 Masham alipewa uanachama wa maisha wa Baraza la Malodi, bunge la juu la Uingereza, kwa jina la Baroness Masham wa Ilton. Alikuwa katika miaka ya thelathini.

Aliingia wakati mzuri. Muswada wa haki za wagonjwa wa muda mrefu na watu wenye ulemavu, uliopelekwa na mbunge Alf Morris, ulikuwa ukipita bungeni, naye akawa miongoni mwa waliouchangia kwa sauti ya mtu anayejua. Ukawa sheria mwaka huohuo. Ndani yake kulikuwa na sharti kwamba majengo yanayotumiwa na umma yaweke njia za kuingilia na vyoo vinavyofaa kwa watu wenye ulemavu.

Sharti lilikuwa na tundu: lilitakiwa kutekelezwa kadiri inavyowezekana na inavyofaa. Yeyote aliyewahi kuishi karibu na serikali anajua maneno hayo yanavyoweza kumeza sheria nzima. Ila mlango ulikuwa umefunguka.

Hakuwa peke yake. Katika baraza lilelile alikuwamo Davina Darcy de Knayth, aliyepooza kwenye ajali ya gari mwaka 1964 iliyomuua mumewe. Naye alipitia njia ileile: kuogelea, mpira wa meza, medali za Paralimpiki na siasa. Malodi wa viti mwendo walipoongezeka, wenzao wakawaita benchi linalotembea. Utani huo walioufurahia zaidi, nasikia, ni wenyewe.

Fikiria hali ilivyokuwa. Baraza la watu waliorithi vyeo na mashamba, lenye majoho na taratibu za karne nyingi, limepata wachezaji wawili wa mpira wa meza wanaohoji upana wa mlango wa choo. Wala hawakuwa wanamapinduzi. Wote wawili walikuwa wanawake wa tabaka la juu, na bila tabaka hilo huenda wasingefika pale. Muuza duka wa Manchester aliyevunjika mgongo miaka hiyohiyo hakuwa na njia ya kwenda Baraza la Malodi. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu wasifu wa Masham husimuliwa mara nyingi kana kwamba ujasiri peke yake ulitosha.

Mwaka 1974 akafanya jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko medali zake. Aliongoza kuanzishwa kwa Chama cha Majeruhi wa Uti wa Mgongo nchini Uingereza, chama kinachoongozwa na majeruhi wenyewe. Kabla ya hapo, aliyetoka hospitali na kiti kipya alitegemea huruma ya daktari, mchungaji na ndugu. Sasa angeweza kumpigia simu mtu aliyepata jeraha lilelile miaka kumi kabla yake, akamuuliza maswali yasiyoulizika mbele ya daktari: namna ya kulala na mume, kujizuia haja safarini, kurudi kazini.

Masham alibaki kiongozi wa chama hicho kwa miongo kadhaa, na bungeni hakustaafu. Alifariki Machi 12, 2023, akiwa na miaka 87.

Daktari na mchezaji

Wakati Masham anapigana bungeni, ndani ya michezo yenyewe ugomvi ulikuwa unapikwa.

Guttmann alikuwa baba wa michezo hii kwa kila maana ya neno baba, pamoja na ile ya kutopenda kujibiwa. Wagonjwa wake walimwita Poppa. Aliamua nani acheze, acheze nini na kwa kanuni zipi. Daktari ndiye aliyempanga mchezaji kwenye kundi: unalazwa kitandani, unapimwa misuli na hisia za ngozi, unapewa namba. Ukishuka kitandani kwenda uwanjani, namba imeshaamua mpinzani wako.

Mwaka 1966 kijana wa Bolton wa miaka 16, Philip Craven, alianguka kwenye miamba akijifunza kupanda. Akapooza miguu. Alikuja kuwa mchezaji mahiri wa mpira wa kikapu wa viti mwendo, akashiriki Paralimpiki tano kuanzia Heidelberg 1972 hadi Seoul 1988. Huyu hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa mbele ya Poppa.

Hoja ya Craven na wenzake ilikuwa rahisi. Mgonjwa hupimwa kitandani. Mchezaji apimwe akiwa anacheza: anafikia wapi, anageukaje, anajisawazishaje. Katika miaka ya 1980 mpira wa kikapu ukahamia mfumo huo, kazi kubwa ya kiufundi ikiwa imefanywa na Mjerumani Horst Strohkendl, na michezo mingine ikafuata kwa namna zake.

> Mgonjwa hupimwa kitandani. Mchezaji apimwe akiwa anacheza.

Hata hivyo ningependa msomaji asimhukumu Guttmann haraka. Bila ubabe wake hakuna hospitali ambayo ingekubali wagonjwa wa mgongo walenge mishale bustanini mwaka 1948. Alipambana na madaktari wenzake waliomwona kichaa, na serikali zilizoona anapoteza fedha. Aliyejenga nyumba kwa mikono yake huwa na uchungu nayo, na huwa mgumu kuona kwamba watoto wamekua. Alifariki mwaka 1980.

Septemba 22, 1989, mjini Düsseldorf, ikaundwa Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki (IPC). Rais wa kwanza, Robert Steadward wa Kanada, alikuwa msomi wa michezo asiye na ulemavu. Aliyemfuata mwishoni mwa 2001 ni Craven, mtu wa kwanza aliyewahi kuwa mwanaparalimpiki kushika kiti kile.

Craven aliongoza miaka 16. Uamuzi wake mzito zaidi ulikuja Agosti 2016, IPC ilipoifungia timu nzima ya Urusi kushiriki Paralimpiki ya Rio kwa sababu ya mfumo wa dawa haramu uliofadhiliwa na dola. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, yenye fedha na watu wengi kuliko IPC, ilikuwa imeshindwa kufanya hivyo wiki chache kabla.

Ni miaka 16, lakini. Mihula minne. Wachezaji nao hung'ang'ania viti, na uzoefu wa uwanjani haumkingi mtu na ugonjwa huo. Na kuna jambo la pili linalosahauliwa na wanaodai kila uongozi upewe mtu mwenye ulemavu: aliyepooza miguu hajui shida za asiyeona, na wote wawili huenda hawajui lolote kuhusu mwenye ulemavu wa akili. Kundi la 11 la mpira wa meza lina mfano mchungu wa hilo.

Dhambi ya viongozi, adhabu ya wachezaji

Sydney, mwaka 2000. Timu ya Hispania ya mpira wa kikapu ya wenye ulemavu wa akili inashinda dhahabu. Wiki chache baadaye mmoja wa wachezaji wake, Carlos Ribagorda, anajitokeza na kueleza kwamba yeye ni mwandishi wa habari, hana ulemavu wowote, na kwamba kati ya wachezaji 12 wa timu ile, 10 hawakuwa na ulemavu. Hawakupimwa kama kanuni zilivyotaka.

Shirikisho la Hispania la michezo hiyo liliongozwa na Fernando Martín Vicente. Mwaka 2013 mahakama ilimtia hatiani kwa ulaghai; akatozwa faini ya euro 5,400 na kuamriwa kurejesha euro 142,355 za ruzuku.

Sasa angalia adhabu ilivyomwangukia mwingine. IPC ilisimamisha ushiriki wa wanamichezo wote wenye ulemavu wa akili, wa nchi zote, wa michezo yote. Waogeleaji na wakimbiaji wakafungiwa nje. Wachezaji wa mpira wa meza, ambao hawakuwa na habari na mpira wa kikapu wa Hispania, wakafungiwa nje. Athens 2004 ikapita, Beijing 2008 ikapita. Walirudishwa London 2012, katika riadha, kuogelea na mpira wa meza tu, baada ya kubuniwa vipimo vipya.

Aliyekuwa na miaka 20 Sydney alikuwa na 32 London. Kwenye mchezo unaotegemea wepesi wa jicho na mkono, miaka hiyo 12 ndiyo ujana wenyewe wa mchezaji. Na ulipojadiliwa uamuzi wa kuwatoa, wao wenyewe hawakuwa na kiti mezani. Mpaka leo, ukipekua orodha za kamati tendaji za michezo hii duniani, utawakuta waliokatwa miguu, waliopooza na wasioona. Wa kundi la 11 utamtafuta sana.

Chini ya paa la wakubwa

Julai 2007 mpira wa meza wa watu wenye ulemavu ulihamishwa rasmi kwenda Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Meza (ITTF), lilelile linalosimamia wachezaji wasio na ulemavu. Hapa pana pande mbili, na zote zina hoja.

Waliofurahi waliona waamuzi waliosomea kazi, viwango vya dunia vinavyochapishwa mara kwa mara, ukumbi mmoja, watengenezaji wa meza na vibao wanaosikiliza. Waliona pia mchezaji kama Natalia Partyka wa Poland. Amezaliwa bila sehemu ya chini ya mkono wa kulia; alicheza Paralimpiki ya Sydney akiwa na miaka 11, akatwaa dhahabu Athens akiwa na 15, na Beijing 2008 akashiriki Olimpiki na Paralimpiki mwaka mmoja. Kwa mtu kama huyo, kuwa na mashirikisho mawili ni usumbufu mtupu.

Waliosita waliogopa kuwa mkia. Katika shirikisho kubwa, ajenda ya watu wenye ulemavu husomwa saa kumi na moja jioni, wajumbe wakiwa wanatazama saa na ndege zao. Partyka, walisema, ni kundi la 10, ulemavu mdogo kuliko wote katika makundi ya viungo. Nani atamsemea wa kundi la 1, anayehitaji mtu wa kumvalisha, kitanda cha kugeuziwa na tiketi mbili za ndege badala ya moja?

Nikipimanisha, naona waliofurahi wamekuwa sahihi kwa kiasi kikubwa kuhusu ubora wa mashindano, na waliosita wako sahihi kuhusu fedha. Mashindano mazuri hayamsaidii asiyeweza kuyafikia. Viwango vya dunia hupatikana kwa kusafiri, na msafiri wa kiti mwendo hulipa zaidi ya mwenzake kila hatua ya njia. Ndiyo maana kwa Afrika majina yanayojirudia ni ya Misri na Nigeria, nchi zenye mfumo wa kuwapeleka wachezaji wao nje mara kwa mara.

> Mashindano mazuri hayamsaidii asiyeweza kuyafikia.

Huku kwetu

Kenya na Uganda zilionekana Paralimpiki kwa mara ya kwanza Heidelberg 1972. Tanzania ilisubiri hadi Barcelona 1992. Sifa yetu, tukiipata, imetoka kwenye riadha. Mpira wa meza tunao kwenye kumbi za majeshi, shule za bweni na vyuo, lakini meza nyingi ni za kukunja, miguu ikiwa palepale inapomfaa anayesimama.

Sheria zipo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inataka hatua kwa hatua angalau asilimia 5 ya wajumbe wa vyombo vya umma vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania, ya mwaka huohuo wa 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu hao.

Chama cha michezo chenye katibu mmoja wa kujitolea na mhasibu anayekuja Ijumaa hakifiki wafanyakazi 20 hata kwa kuhesabu walinzi wa jirani. Sheria inakipita mlangoni. Kinachobaki ni katiba ya chama chenyewe, na humo ndimo wadau wetu wangefanya kazi: nani ana kura, si nani amealikwa, nani anaidhinisha matumizi, si nani anapigwa picha na waziri uwanja wa ndege. Kumpa bingwa wa zamani cheo cha mlezi wa heshima bila kumpa sahihi ya hundi ni kumpamba tu.

Mfano wa karibu nasi uko Rwanda, ingawa si wa mpira wa meza. Dominique Bizimana alipoteza mguu akiwa askari kijana katika vita vya miaka ya 1990. Baadaye akaongoza Kamati ya Paralimpiki ya Rwanda, huku akiendelea kucheza mpira wa wavu wa kukaa. London 2012 Rwanda ikawa timu ya kwanza ya mchezo huo kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika Paralimpiki. Kikosini alikuwamo Jean Rukondo, aliyepoteza mguu kwa bomu la ardhini akipigana upande wa pili wa vita hivyohivyo.

Waandishi wengi waliitumia hadithi hiyo kuelezea maridhiano, na ni haki yao. Mimi nilivutiwa na jambo dogo la kiutawala. Rais wa kamati alikuwa amekaa sakafuni, amevaa jezi, chini ya amri ya kocha. Akikosea kupokea, anatolewa kama mwingine yeyote. Na Jumatatu akirudi ofisini kugawa bajeti ya usafiri, anajua tayari ni mchezaji yupi alilala kwenye kiti cha basi kwa sababu mlango wa chumba cha hoteli haukupitisha kiti mwendo chake.